Kamba, mpaka na maji: historia ya kupima eneo na ujazo, toka mto Nile mpaka Goma

Mto Rutshuru haukomei Rutshuru. Maji yake yanateremka kaskazini na kuingia katika ziwa Edouard. Yanatoka tena pale Ishango kwa jina la Semliki, yanapita kando ya milima ya Ruwenzori, yanafika ziwa Albert, kisha yanaingia katika Nile na kusafiri mpaka Misri. Jamaa nyingi zilizokimbia vita katika teritware ya Rutshuru ziliacha mashamba kando ya maji hayo. Na kule yanakofika, Misri, ndiko watu wa zamani waliandika baadhi ya hesabu za kwanza zinazojulikana za kupima shamba, ghala na lundo. Watoto wa shule wanazisoma mpaka leo.

Wanafunzi wengi wanazijua hesabu hizo kama mzigo wa kukariri: urefu mara upana, nusu ya kitako mara kimo, 3,14 mara nusu ya kipenyo mara nusu ya kipenyo. Lakini hazikutungwa kwa ajili ya mtihani. Zilianza kwa watu ambao mipaka ya mashamba yao ilikuwa imefutwa, watu waliogawana nafaka, na watu waliotaka kujua kama aliyewapimia aliwapimia sawasawa. Ndiyo sababu historia yake inamhusu hata mama anayepanga foleni na bidoni yake mbele ya bomba la kambi.

Mto unapofuta mpaka

Kila mwaka, tangu mwezi wa sita, Nile ilikuwa inafurika. Maji mengi ya mafuriko hayo yalitoka katika mvua za milima ya Ethiopia. Yalifunika mashamba, yakaacha tope lenye rutuba, kisha yakarudi. Tope lilikuwa baraka, kwa kuwa bila hilo Misri ingekuwa jangwa tupu. Lakini alama za mipaka zilizikwa au zilichukuliwa na maji. Mkulima aliporudi hakuona tena shamba lake linaanzia wapi na linaishia wapi.

Mgiriki Herodotus, aliyetembelea Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika habari aliyoisikia kule. Alisema mfalme mmoja, Sesostris, aliwagawia Wamisri mashamba ya mraba yaliyo sawa, na kila mmoja alilipa kodi ya mwaka. Kama mto ulimeza sehemu ya shamba, mwenye shamba alikwenda kumwambia mfalme. Mfalme alituma watu wapime kiasi kilichopotea, na kodi ilipunguzwa kulingana na kiasi hicho. Herodotus aliona kwamba elimu ya maumbo ilizaliwa pale, kisha ikavuka bahari kwenda kwa Wagiriki. Tena neno lenyewe la Kigiriki, lililozaa neno la Kifaransa linalotumiwa katika shule za Kongo, maana yake ni kupima ardhi.

Kazi hiyo inaonekana pia katika picha. Karibu na Luxor kuna kaburi la mtu aliyeitwa Menna, aliyekuwa mwandishi wa mashamba ya mfalme yapata miaka 1400 kabla ya Kristo. Ukutani wamechorwa watu wanapima shamba la nafaka kwa kamba ndefu yenye mafundo, na waandishi wakiwa kando yao. Kipimo chao kikubwa kilikuwa mikono 100, karibu metre 52. Shamba lenye urefu huo kila upande lilikuwa ndilo kipimo cha ardhi. Kwa mapimo ya leo, ni zaidi kidogo ya robo ya hekta.

Mkaaji wa Kivu haitaji maelezo marefu ili aelewe shida ya watu wale. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji wa Goma mpaka ziwani, na parseli nyingi zikabaki chini ya jiwe jeusi. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena na kufunika vijiji na nyumba upande wa kaskazini ya muji. Mwezi wa Mei 2023, mafuriko yalisomba Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe, na kuua mamia ya watu. Kila mara, baada ya kuzika wafu, lilikuja swali lile lile la Misri: mpaka ulikuwa wapi, na shamba lilikuwa na ukubwa gani? Vita navyo vinafuta mipaka kwa namna yake. Ua unakatwa kuni, jirani aliyekuwa shahidi amekufa au amehama, na mtu mwingine amekwisha kulima.

Kuzunguka shamba si kulipima

Njia ya haraka ya kukadiria ardhi ni kuizunguka kwa hatua. Anayezunguka hatua nyingi anadhani ana shamba kubwa. Watu wa zamani walidanganyika sana hapo. Proclus, mwalimu aliyefundisha Athens katika karne ya 5 baada ya Kristo, aliandika juu ya watu waliogawana ardhi kwa kulinganisha mzingo. Wajanja walichukua vipande vyenye mzingo mrefu zaidi, kisha wakavibadilisha na wenzao kwa vipande vyenye mzingo mfupi lakini eneo kubwa. Walipata ardhi zaidi, na juu ya hayo wakasifiwa kuwa watu wa haki.

Hesabu ndogo inaonyesha hila hiyo. Shamba la kwanza lina metre 20 kila upande. Anayelizunguka anatembea metre 80. Shamba la pili lina urefu wa metre 35 na upana wa metre 5. Anayelizunguka anatembea metre 80 vilevile. Lakini eneo ni idadi ya miraba midogo, yenye metre moja kila upande, inayojaa ndani. Ndiyo hiyo inayoitwa metre kare. Katika shamba la kwanza kuna mistari 20, kila mstari una miraba 20, jumla metre kare 400. Katika la pili kuna mistari 5 yenye miraba 35, jumla metre kare 175. Kamba iliyolizunguka ni ile ile, lakini mavuno hayafiki nusu.

Jambo hilo linaonekana hata katika kibanda cha bashe. Kibanda cha metre 4 kwa 4 na kibanda cha metre 6 kwa 2 vinakula kuta za urefu mmoja, metre 16. Cha kwanza kinatoa metre kare 16 za kulala, cha pili 12. Jamaa yenye vipande vile vile vya bashe na miti inapata au inapoteza nafasi ya mtoto mmoja kwa umbo peke yake.

Kanuni iliyopendelea mtoza kodi

Si kila kanuni ya zamani ilikuwa sahihi. Katika hekalu la Edfu, kusini ya Misri, kuna orodha ya mashamba iliyochongwa ukutani yapata miaka 100 kabla ya Kristo. Waandishi wake walipima shamba la pande nne kwa njia nyepesi. Walijumlisha pande mbili zinazotazamana na kugawa kwa 2, wakafanya vivyo hivyo kwa pande mbili nyingine, kisha wakazidisha. Watu wa Babeli nao walitumia njia hiyo.

Kwa shamba lenye pembe nne zilizonyooka, jibu ni sahihi. Lakini shamba likiinama, jibu linazidi ukweli, na halipungui hata mara moja. Chukua shamba ambalo pande zake ndefu ni metre 40 na pande zake fupi ni metre 30, lakini limelala upande, hata umbali ulionyooka kati ya pande ndefu ni metre 24 tu. Kanuni ya Edfu inasema 40 mara 30, metre kare 1200. Ukweli ni 40 mara 24, metre kare 960. Tofauti ni metre kare 240. Mahali ambapo kodi inalipwa kwa ukubwa wa ardhi, mkulima wa shamba lililoinama angelipia udongo ambao haupo. Na mahali ambapo shamba linauzwa, mnunuzi angeununua udongo huo huo.

Dawa yake ilijulikana pia tangu zamani: kata umbo katika pembetatu. Shamba lolote la pande nne zilizonyooka, hata likipinda namna gani, linagawanyika pembetatu mbili kwa kamba moja inayovuka toka pembe hata pembe. Na kila pembetatu ni nusu ya umbo la pande nne lenye kitako na kimo kile kile. Ndiyo sababu watoto wanafundishwa kuzidisha kitako kwa kimo kisha kugawa kwa 2.

Shida inabaki kwenye kimo. Shambani, katikati ya migomba na mihogo, si rahisi kupata mstari ulionyooka kabisa juu ya kitako. Heron, aliyeishi Alexandria, Misri, katika karne ya 1 baada ya Kristo, aliandika njia isiyohitaji kimo. Inataka pande tatu tu. Jumlisha pande tatu na ugawe kwa 2. Toka kwa nusu hiyo, toa kila upande mmoja mmoja, upate hesabu tatu. Zidisha nusu hiyo na zile tatu, kisha tafuta kipeo cha pili.

Mfano ni pembetatu yenye pande za metre 13, 14 na 15. Jumla ni 42, nusu yake 21. Toa 13, inabaki 8. Toa 14, inabaki 7. Toa 15, inabaki 6. 21 mara 8 mara 7 mara 6 ni 7056, na kipeo chake cha pili ni 84. Eneo ni metre kare 84. Kwa shamba la pande nne, mtu anahitaji urefu wa aina tano tu: pande nne na kamba moja ya katikati. Akiandika hizo tano, ukubwa na umbo la shamba vinaweza kurudishwa hata alama zote zikipotea. Pande nne peke yake hazitoshi, kwa sababu shamba linaweza kuinama huku pande zikibaki zile zile, kama lile la Edfu.

Ghala ya Ahmose

Mwaka 1858, Mskoti Alexander Henry Rhind alinunua Luxor karatasi ya zamani ya mafunjo. Leo sehemu yake kubwa iko katika nyumba ya makumbusho ya London. Iliandikwa yapata miaka 1550 kabla ya Kristo na mwandishi Ahmose, ambaye alisema aliinakili toka maandishi ya zamani zaidi. Ina maswali zaidi ya 80 pamoja na majibu: kugawa mikate, kupima mashamba, kujua ghala inachukua nafaka kiasi gani. Ndani yake hakuna kanuni za herufi. Kuna mifano, mmoja baada ya mwingine, na mwanafunzi alishika njia kwa kuirudia kwa hesabu nyingine. Walimu wengi wanafundisha hivyo mpaka leo.

Swali moja linauliza eneo la shamba la duara lenye kipenyo cha 9. Ahmose anajibu: toa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, inabaki 8. Zidisha 8 kwa 8, ni 64. Hesabu ya leo inatoa 63,6. Kosa halifiki hata moja kwa mia.

Swali jingine linahusu ghala ya duara, yenye kipenyo cha mikono 9 na kimo cha mikono 10. Eneo la chini ni 64, na 64 mara 10 ni 640. Hapo kuna wazo kubwa la ujazo: pima kitako, kisha zidisha kwa kimo. Njia hiyo inafaa kwa sanduku, kwa chumba, kwa shimo la choo, na kwa tangi ya maji ya duara, mradi kuta zinapanda zimenyooka.

Kama kuta zinakaribiana kadiri zinavyopanda, njia hiyo haitoshi. Karatasi nyingine ya Misri, iliyo Moscow, ina hesabu ya piramidi iliyokatwa kichwa, yenye upande wa 4 chini, upande wa 2 juu, na kimo cha 6. Mwandishi anazidisha 4 kwa 4, ni 16. 4 kwa 2, ni 8. 2 kwa 2, ni 4. Jumla 28. Anachukua theluthi ya kimo, ni 2. 28 mara 2 ni 56. Jibu ni sahihi kabisa. Lundo la mchanga lililosawazishwa juu, lenye pande nne, linapimwa hivyo hivyo. Anayezidisha tu eneo la chini kwa kimo angepata 96, na angelipa karibu mara mbili.

Lundo lenye ncha, kama maharagi yaliyomwagwa chini sokoni, lina hesabu yake pia. Wagiriki walionyesha kwamba pia, umbo lenye kitako cha duara na ncha juu, inajaa theluthi moja tu ya chombo cha duara chenye kitako na kimo kile kile. Eudoxus ndiye aliyetoa uhakika wake, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Anayetaka kushuhudia akunje karatasi umbo la pia, atengeneze na chombo cha duara chenye upana na kimo sawa nayo, kisha amimine mchanga. Pia tatu zitakijaza.

Mzee aliyeuawa vitani

Aliyeeleza duara vizuri zaidi kati ya Wagiriki ni Archimedes wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicilia. Alionyesha kwamba eneo la duara ni sawa na pembetatu ambayo kitako chake ni mzingo wa duara na kimo chake ni nusu ya kipenyo. Kisha alizungushia duara maumbo yenye pande 96, moja ndani na moja nje, akapata kwamba mzingo ni kipenyo mara 3 na kitu kilicho chini kidogo ya moja ya saba. Ile 22 juu ya 7 ya shuleni inatoka pale. Alionyesha pia kwamba tufe, umbo la mpira, inachukua theluthi mbili za chombo cha duara kinachoibana juu, chini na pembeni.

Mwaka 212 kabla ya Kristo, Waroma waliuvamia muji wake baada ya kuuzingira muda mrefu, na askari mmoja akamwua. Aliomba kaburini wachonge tufe ndani ya chombo cha duara. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Mroma Cicero, akifanya kazi ya serikali Sicilia, alilikuta kaburi hilo limefunikwa na miiba. Wakaaji wa muji walikuwa hawajui tena liko wapi. Alilitambua kwa maumbo hayo mawili. Hata kaburi la mpima maumbo lilipotea, likapatikana tena kwa alama.

Fimbo ya muuza divai

Mwaka 1613, Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, alifunga ndoa ya pili na kununua mapipa ya divai muji wa Linz, Austria. Muuzaji alipima kila pipa kwa njia moja: alichomeka fimbo katika tundu la katikati mpaka pembe ya chini ya pipa, akaangalia divai imelowesha fimbo kiasi gani, na akataja bei. Kepler alishangaa. Mapipa ya maumbo mbalimbali yanawezaje kupimwa kwa fimbo moja?

Mashaka yake yalikuwa na msingi. Chukua vyombo viwili vya duara vilivyonyooka, ambavyo fimbo inaingia metre 1 kamili kwa kila kimoja. Cha kwanza kina kipenyo cha sentimetre 60 na urefu wa metre 1,6: kinachukua lita 452. Cha pili kina kipenyo cha sentimetre 80 na urefu wa metre 1,2: kinachukua lita 603. Fimbo ile ile, bei ile ile, lakini mnunuzi wa kwanza amepoteza lita 151. Kepler alipochunguza aliona kwamba mapipa ya Austria yalikuwa karibu sana na umbo linalojaza zaidi kwa fimbo hiyo, kwa hiyo kule muuzaji hakuwa anaiba. Mwaka 1615 alichapa kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa.

Siku zile kila muji ulikuwa na mapimo yake. Mwaka 1795, baada ya mapinduzi, Ufaransa iliweka kwa sheria metre, ara na lita, ili pawe kipimo kimoja kwa watu wote. Lita ni ujazo wa sanduku lenye sentimetre 10 kila upande. Sanduku la metre 1 kila upande, yaani metre kibe moja, linachukua lita 1000, sawa na bidoni 50 za lita 20. Mapimo hayo yalifika Kongo pamoja na utawala wa Wabelgiji, na hati za parseli zinaandikwa mpaka leo kwa hekta, ara na santiara. Ara moja ni metre kare 100, santiara ni metre kare moja.

Goma, Julai 1994

Kuna sura moja ya historia hii iliyoandikwa Goma penyewe. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka katika siku chache. Walikaa juu ya jiwe la volkano, gumu kuchimba vyoo na hata makaburi. Maji safi yalikuwa machache mno kwa umati ule. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache.

Baadaye uchunguzi mkubwa wa kimataifa, uliotolewa mwaka 1996, ulikosoa namna msaada ulivyotolewa. Mwaka 1997 mashirika ya misaada pamoja na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu walianza kazi ya kuandika vipimo vya chini ambavyo mtu aliyekimbia anastahili. Kazi hiyo ilipewa jina Sphere, neno ambalo katika hesabu ni jina la tufe, umbo lile la kaburi la Archimedes. Vipimo vyenyewe ni maeneo na ujazo: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, angalau metre kare 3,5 za kulala chini ya paa kwa mtu, na metre kare 45 za kambi kwa mtu, pamoja na njia, vyoo na nafasi ya kupikia.

Hesabu za Ahmose zinatosha kuvipima. Jamaa ya watu 6 inastahili 6 mara 3,5, yaani metre kare 21 chini ya paa. Kibanda cha metre 4 kwa 3 kina 12, kinatosha watu 3. Tangi ya duara yenye kipenyo cha metre 2 na maji ya kimo cha metre 1,5 ina ujazo wa 3,14 mara 1 mara 1 mara 1,5. Ni metre kibe 4,71, au lita 4710. Gawa kwa 15: ikijazwa mara moja kwa siku, inatosha watu 314. Tangi yenye kimo kile kile lakini kipenyo cha metre 1, ambayo kwa macho inaonekana kama nusu ya ile, ni robo tu: lita 1177, watu 78. Komite ya kambi inayojua hesabu hiyo haiambii mgeni kwamba maji ni machache. Inamwambia yanapungua lita ngapi.

Kamba ya kurudi nyumbani

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuitumia. Lakini vijijini jamaa nyingi zinashika mashamba kwa desturi, mbele ya chefu na majirani, bila karatasi. Zinapohama, mpaka unabaki katika kichwa cha wazee. Wazee wakifa kambini, mpaka unakufa pamoja nao.

Wamisri hawakuacha mpaka wao katika kichwa cha mtu mmoja. Walipima mashahidi wakiwapo, wakaandika, wakatunza maandishi mahali ambapo mto haufiki. Mtoto wa kalasi ya sita anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kwa kamba ya metre 10 yenye fundo kila metre. Anamwuliza babu yake hatua ngapi toka mti mpaka kijito, toka kijito mpaka njia, toka njia mpaka kwa jirani, na toka pembe mpaka pembe. Anapima hatua ya babu kwa kamba, anazidisha, anachora umbo, anaandika majina ya majirani wa pande nne na mwaka.

Daftari hiyo si hati ya Serikali, na haiwezi kumtoa shambani mtu aliyeingia kwa nguvu. Lakini siku ya kukaa chini mbele ya chefu au mbele ya hakimu, mwenye urefu tano ulioandikwa hataanza kwa kusema shamba letu lilikuwa kubwa. Atataja ukubwa wake, na wengine watalazimika kuleta kamba.